Kelele Zisizosikika za Mashine ya Nazi

Hutan Melintang
6 Machi 2018

Hasnida mwanangu,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi.

Nimekupigia simu mara tisa tangu Ijumaa. Mara tisa! Ya kumi nikaona haya mbele ya simu yenyewe, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mashine yangu imerudi kutoka kwenye maabara yenu huko Penang, imefungwa vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, na ndani ya boksi kuna ripoti ya kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa kwanza unasema IMESHINDWA. Thelathini zilizobaki zinasema hilohilo kwa grafu. Kuna mstari mwekundu umelala kama barabara, halafu kuna mashine yangu inapanda juu ya barabara kama mlima.

Imeshindwa nini? Inakuna nazi mia mbili kwa saa. Haichemki, haitikisiki, haimkati mtu kidole. Nimeiunda mwenyewe kuanzia skrubu ya kwanza. Wanasema imevunja Kanuni za Utangamano wa Sumakuumeme. Jina hilo nimemsomea Letchumanan wa karakana ya ng'ambo ya barabara, yule ambaye miaka kumi na minane tunaibiana wateja. Akaniuliza kama ni dua ya kufukuzia nyoka.

Unajua hali ilivyo. Bwana Ghazali wa Klang anataka mashine arobaini za kupeleka Rotterdam, kwenye maduka ya watu wetu wa kule. Mwisho wa Agosti kontena linaondoka, na bila cheti hakuna mashine yangu itakayopanda. Nina kila kitu isipokuwa hicho kikaratasi.

Wewe ni injinia wa maabara hiyohiyo. Niambie kwa maneno ya kawaida kasoro iko wapi, niirekebishe, yaishe.

Baba yako,
Sarbini


Bayan Lepas, Penang
12 Machi 2018

Baba mpendwa,

Waalaikumu salaam. Nakubusu mkono. Mimi mzima, kazi nyingi tu. Goti usiliache hivyo, nenda hospitali.

Simu zako niliziona zote tisa. Nilikuwa nimekaa naitazama simu ikiita, na ikinyamaza najisikia vibaya kuliko ilipokuwa inaita. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Siku mashine yako ilipoingia, niliona jina lako kwenye fomu nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wetu, Bi Teoh, nikamwambia huyu ni baba yangu. Akaniondoa kwenye kazi hiyo. Siruhusiwi hata kuingia chumbani inapopimwa. Na kuna jambo gumu zaidi: hakuna mfanyakazi yeyote wa maabara anayeruhusiwa kumwambia mteja arekebishe nini. Tukikwambia kaza hapa, legeza pale, halafu tukakupima, tutakuwa tunapima kazi yetu wenyewe, na cheti chetu hakitakuwa na maana kwa mtu yeyote.

Ndiyo maana sitaki tuzungumze kwa simu habari za mashine. Tuandikiane barua. Kila barua nitaweka nakala kwenye faili, na Bi Teoh ana ruhusa ya kuzisoma. Siku mtu akisema nilikupenyezea siri, nitakuwa na cha kumwonyesha.

Ninachoweza kukueleza ni kile kilichomo kwenye vitabu vya shule. Ndani ya mota yako kuna brashi mbili za kaboni zinazosugua. Zikisugua hutoa cheche, na kila cheche ni kama kituo kidogo cha redio kinachopiga kelele kupitia waya na hewani. Sikio la mtu halisikii, lakini vifaa vya jirani vinasikia. Kanuni inataka mambo mawili tu: usiwapigie wenzako kelele, na wenzako wakikupigia usianguke.

Zaidi ya hapo siwezi. Usinichukie.

Mwanao,
Hasnida


Hutan Melintang
20 Machi 2018

Hasnida,

Assalamu alaikum. Na wewe Bi Teoh, habari za asubuhi. Naona siku hizi tuko watatu. Kama umekuja kusoma, vuta kiti.

Barua yako nimeielewa. Mwanangu anajua ugonjwa, lakini mganga haruhusiwi kumtajia mgonjwa ugonjwa wake. Nilipomsimulia Letchumanan alisema, "Bini, ungemsomesha udaktari wa meno tu, angalau ungepata jino bure." Nilicheka, lakini moyoni hapakucheka mtu. Nilikuna nazi miaka minne ili wewe ukae kwenye hicho kiti chako.

Basi nimejisaidia mwenyewe. Kile kichujio cha umeme nilichonunua Ipoh nimekitoa, nikakagua, nikaona kizima. Nimebadilisha brashi za mota. Nyaya zote nimezikusanya pamoja na kuzifunga kwa tepu, hakuna hata moja inayoning'inia. Kisha nikaona, kama tatizo ni cheche na kelele, dawa ni kuziba. Nimeipaka mashine yote rangi koti la tatu, ile ya kijani inayong'aa, mpaka mahali kichujio kinapokaa. Ikakauka siku mbili, nikakirudisha na kukikaza juu yake. Hakuna kutu itakayopita hapo, wala kelele.

Jumanne ijayo naituma tena. Foleni yenu wamenipangia katikati ya Aprili. Safari hii mtaipenda wenyewe.

Baba yako,
Sarbini


Bayan Lepas
2 Aprili 2018

Baba,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima na goti limetulia.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna sentensi moja nimeisoma zaidi ya hapo. Siwezi kusema ipi.


Samahani kwa tundu hapo juu. Niliandika mistari mitatu, nikaisoma, nikachukua mkasi. Ningeandika upya karatasi nzima, lakini nilitaka ujue kwamba niliandika.

Baba, je, huwezi kuiondoa mashine kwetu na kuipeleka maabara ya Johor? Foleni yao ni miezi minne, najua. Ila kule mimi nitakuwa mwanao tu.

Mwanao,
Hasnida


Hutan Melintang
25 Aprili 2018

Hasnida,

Salaam.

Imeshindwa tena. Mwanzo ilivuka mstari kwa desibeli saba. Sasa kumi na moja! Nimeitengeneza ikaharibika. Nilikaa na hiyo ripoti barazani, chai ikapoa, nikawa nafikiri labda nimezeeka na sikuambiwa.

Tundu lako nalo limenitoa roho. Nimeishika karatasi hiyo kwenye mwanga, nimeipaka vumbi la penseli nikitafuta alama ya kalamu. Mtu mzima, fundi wa miaka thelathini na tano, anapekua tundu! Mlikuwa na nini humo? Kama ulijua kitu tangu Machi ukaniacha nitumie mwezi mzima kwenda kinyume, basi sijui nikuiteje. Johor kwa miezi minne ni mwishoni mwa Agosti. Kontena la Ghazali litakuwa linapunga mkono.

Mama yako angekuwa hai angekupigia simu ya kumi, na ungeipokea.

Kuna mtu Ipoh anauza stika za kuonyesha kwamba mashine imepimwa. Ziko safi, zina alama zote, hata namba. Letchumanan anasema nusu ya mashine zinazouzwa huku zimebandikwa hizo. Mimi nimeishi maisha yangu bila kudanganya mtu hata kwa misumari, lakini mnanisukuma, Hasnida. Ninyi wawili mnaosoma hapa, mnanisukuma.

Baba yako


Bayan Lepas
29 Aprili 2018

Baba,

Assalamu alaikum. Nakuomba, kabla ya salamu nyingine yoyote: usiniandikie tena habari za stika. Nikiandikiwa kwamba umenunua, itanibidi nitoe taarifa. Hilo si chaguo langu, nimelitilia saini. Unaniweka kati ya mikono miwili, na yote ni yangu.

Unasema sikukusaidia. Nitakwambia nilichofanya. Wiki iliyopita nilimwendea Bi Teoh nikamwomba maabara ifungue darasa la siku moja, bure, kwa mafundi wadogo wote wa jimbo la Perak. Si kuhusu mashine ya mtu fulani. Kuhusu mashine zote, makosa yaleyale tunayoyaona kila wiki. Kinachosemwa mbele ya watu wote si siri ya mtu mmoja. Akasema hakuna fungu. Nikasema nitafundisha siku yangu ya mapumziko. Akasema hakuna ukumbi. Nitamrudia kesho, na kesho kutwa.

Unadhani wewe peke yako ndiye unayekasirika? Wateja kama wewe nawaona kila siku. Wanakuja na mashine waliyoiunda kwa mikono yao, wanaondoka na grafu, na mimi nasimama pale kama jiwe. Nilidhani kazi hii ni ya kusaidia watu.

Kula vizuri. Ramadhani inakaribia.

Mwanao,
Hasnida


Bayan Lepas
3 Juni 2018

Baba,

Assalamu alaikum, na swaumu njema. Mwezi wote huu sijapata hata mstari kutoka kwako. Nikimpigia jirani, anasema u mzima, karakana inafanya kazi mpaka karibu na futari. Nashukuru kwa hilo, lakini ningependa kulisikia kwako.

Nina habari. Bi Teoh amekubali! Darasa litakuwa Jumamosi tarehe 30 Juni, ukumbi wa manispaa Teluk Intan, saa tatu asubuhi. Mwalimu ni mimi. Jina lako nimeliweka la kwanza kwenye orodha. Njoo, Baba. Kaa nyuma kabisa kama hutaki kuonekana, usiniulize kitu, usinisalimie. Sikiliza tu.

Idi nitakuja siku mbili.

Mwanao,
Hasnida


Hutan Melintang
21 Juni 2018

Hasnida,

Assalamu alaikum.

Ulikuja Idi, ukala nyama ya rendang, ukasifu, ukaosha vyombo, ukalala, ukaondoka. Siku mbili hukutazama karakana hata kwa jicho la pembeni. Uliipita kama watu wanavyoipita nyumba ya mtu anayewadai. Tuliongea habari za mvua, za paka wa jirani, za binamu yako anayeoa Taiping. Wageni wa mbali huongea hivyo.

Darasani sitakuja. Nitafundishwa mota na mtoto niliyemfundisha kushika bisibisi? Tena mbele ya Letchumanan, ambaye amejiandikisha na ameshanunua daftari jipya, ananionyesha kila asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara?

Wewe fundisha. Mungu akuongoze. Mimi nina kazi.

Baba yako


Bayan Lepas
2 Julai 2018

Baba,

Assalamu alaikum. Natumai hujambo.

Walikuja watu ishirini na watatu. Wa blenda, wa taa, wa mashine za kukamua miwa, mama mmoja anayeunda vitotoleshi vya mayai. Nilikuwa naogopa, halafu nikaanza kuongea na hofu ikaisha. Watu waliuliza maswali saa nzima baada ya muda kwisha. Bwana Letchumanan alikaa kiti cha mbele, akaandika kila kitu, hata vichekesho vyangu.

Kiti kilichokuwa na jina lako nilikiacha wazi mpaka adhuhuri. Kisha mtu mmoja akakiwekea mkoba.

Kilichosemwa ukumbini siwezi kukuandikia. Mashine yako bado iko kwenye vitabu vyetu, na nikikuandikia wewe peke yako inageuka kuwa ushauri. Lakini watu ishirini na watatu walisikia, na mmoja wao anaishi hatua arobaini kutoka mlangoni kwako. Muulize.

Baba, muulize tu.

Mwanao,
Hasnida


Hutan Melintang
26 Julai 2018

Hasnida mwanangu, na Bi Teoh,

Assalamu alaikum. Nawaandikia wote wawili kwa kukusudia. Hasnida, uliniambia nisikuandikie habari za stika kwa sababu itakubidi utoe taarifa. Nakuandikia ili uitoe.

Mwezi wa tano nilikwenda Ipoh, nikanunua stika kumi na tano. Ramadhani kila mpishi anataka tui, na siku hizi hawanunui mashine isiyo na stika. Niliuza mashine kumi na moja. Ulipokuja Idi zilikuwa zimekwisha kuondoka, na mimi nilikuwa nakuchekea mezani.

Moja iko kwa Mama Saodah, mpishi wa shughuli pale Simpang Empat. Ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa kliniki ndogo ya wajawazito, na umeme wanatumia laini moja. Jumatatu ya wiki iliyopita nesi, Faridatul, alimlaza mwanamke anayeitwa Suhaila, mimba ya miezi minane, akamwekea tumboni kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kikatoa mngurumo tu. Akajaribu upande wa pili, mngurumo. Robo saa moyo haukusikika. Wakampakia kwenye ambulensi mpaka hospitali ya Teluk Intan, na kule mtoto akasikika mzima, anapiga mateke. Alhamdulillahi.

Nesi hakuliacha hivyo. Alikumbuka kwamba ambulensi ilipoondoka tu, Mama Saodah alizima mashine, na kifaa kilichokuwa bado mezani kikanyamaza. Akaenda kuuliza. Mama Saodah akampa jina langu, kwa sifa, masikini, akidhani nesi anataka kununua.

Jumatano ya wiki hiyohiyo nilikwenda. Nilikwenda kubishana, sitaficha. Niliingia nikiwa na maneno tayari. Nesi hakubishana. Alimwita mjamzito aliyekuwa kwenye foleni, akamwomba ruhusa, akaweka kifaa. Ukasikika moyo wa mtoto, mbio mbio, kama mtu anayekimbilia kitu anachokipenda. Kisha nesi akagonga ukuta, na Mama Saodah akawasha.

Ulimezwa wote. Palijaa mngurumo, na ndani ya mngurumo hapakuwa na mtu. Yule mama alinishika mkono, mimi nisiyemjua, akasema, "Mwambieni azime. Mwambieni azime!"

Umeniandikia tangu Machi kwamba ipo kelele ambayo sikio halisikii. Mimi nimeisikia.

Kutoka hapo nilikwenda nyumbani kwa Suhaila. Alinikaribisha sebuleni, akaniletea maji. Nikamweleza mimi ni nani. Akasema, "Mzee, ndani ya ambulensi nilikuwa najipangia nani nitamwambia kwanza, mume wangu au mama yangu." Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa nimeambiwa. Akasema, "Sijauliza kama uliambiwa." Nilikunywa maji yote.

Mashine tisa nimeshazirudisha karakana. Mbili ziko Sabak, nazifuata kesho. Stika nne zilizobaki nimeziambatanisha hapa.

Baba yako,
Sarbini bin Marjuki


Bayan Lepas
31 Julai 2018

Baba,

Assalamu alaikum.

Barua yako niliisoma jana nimesimama karibu na sanduku la posta. Saa nne asubuhi nilimpelekea Bi Teoh pamoja na stika zote nne. Saa sita taarifa ilikuwa imekwenda kwa wakaguzi. Watakuja wiki hii au ijayo. Usifiche kitu, jibu kila swali.

Nimekushtaki, Baba. Nimetafuta neno laini zaidi sijalipata. Bi Teoh aliniuliza kama nataka kwenda nyumbani kupumzika. Nikasema hapana, nikarudi mezani, nikapima taa za mtu mpaka jioni. Leo ndiyo nimelia.

Yeye amesoma barua zetu zote tangu ya kwanza. Alisema mwakani darasa litafanyika mara nne.

Mwanao,
Hasnida


Hutan Melintang
20 Septemba 2018

Hasnida mwanangu,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima. Nimechelewa kuandika. Barua yako nilikuwa naitoa mfukoni na kuirudisha, nikiwa sijui nianze wapi. Naanza hapa: hukukosea. Nilikasirika siku nne, halafu nikachoka.

Wakaguzi walikuja wawili, vijana wenye adabu. Nilizipanga mashine kumi na moja uani, wakazichukua zote. Faini nimelipa. Jina la karakana yangu haliruhusiwi kupeleka kitu chochote kupimwa mpaka mwakani. Bwana Ghazali alipiga simu mara moja, sauti ya mazishini, akaniambia amepata mtu wa Batu Pahat. Kontena liliondoka tarehe 28. Nilijua saa lilipoondoka, sikuweza kujizuia kutazama saa.

Basi nikavuka barabara.

Letchumanan alikuwa anachomelea. Nikamwambia, "Letchu, nimekuja kuuliza." Akavua miwani. "Rudia," akasema, "mke wangu asikie." Nikarudia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Alipomaliza kucheka akamwita mkewe kweli, nikarudia mara ya tatu. Halafu akafuta kiti kwa mkono wake, akasema, "Kaa, kaka. Nimekungoja tangu Julai. Nilikuwa nawaza, huyu mzee atakufa na mashine yake kabla hajavuka hii lami?" Akatoa daftari.

Rangi, Hasnida! Rangi! Kichujio kazi yake ni kuikusanya kelele na kuitupa kwenye mwili wa chuma, ishukie ardhini. Mimi nimekikalisha juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme, kwa hiyo kelele haina pa kwenda ila kurudi kwenye waya. Na kwa kuwa sikuridhika, nikaongeza koti la tatu. Nilikaa kwenye kiti cha Letchumanan nikaona giza. Miezi sita! Na zile nyaya nilizozifunga pamoja kwa usafi, kumbe zile chafu zilikuwa zinaambukiza zile safi.

Sasa najua mkasi wako ulikata nini. Sijui ningefanya nini ningekuwa wewe. Pengine ningeacha karatasi nzima na kutupa mkasi.

Tuliikwangua rangi mimi na yeye, kwa patasi, mpaka chuma kikang'aa. Nyaya tukazitenganisha. Tumekubaliana mashine ipelekwe kwa jina lake, kazi nusu kwa nusu. Nilitia saini. Jina la mashine niliyoiunda kuanzia skrubu ya kwanza sasa ni Letchumanan na Rafiki. Hiyo "rafiki" ameniwekea kwa kunikoga.

Baba yako,
Sarbini


Bayan Lepas
14 Novemba 2018

Baba,

Assalamu alaikum. Nakubusu mkono.

Imepita. Sikuwepo chumbani, wala sikuuliza. Mwenzangu aliyeipima aliiacha ripoti kwenye kikapu cha matokeo, na kila mtu anaruhusiwa kuona ukurasa wa kwanza. Imekaa chini ya mstari kwa desibeli nne. Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Cheti kinakwenda kwa Bwana Letchumanan, kama sheria inavyotaka. Najua jina lako halimo. Sijui nikupongeze au nikupe pole, kwa hiyo nafanya yote mawili.

Mwanao,
Hasnida


Hutan Melintang
9 Desemba 2018

Hasnida mwanangu,

Assalamu alaikum. Natumai hujambo. Mimi mzima, ila nimekasirika, nitakueleza.

Cheti kilifika. Letchumanan amekitia fremu na kukitundika karakanani kwake, pahali ninapokiona nikiwa kwangu. Tumeshawapa wenye mashine zile kumi na moja mpya, bila malipo. Ya Mama Saodah niliipeleka mwenyewe. Nilimwomba nesi akae na kifaa chake upande wa pili tukakuna nazi thelathini na mbili, mpaka mwenyewe akasema, "Mzee inatosha, nina wagonjwa." Suhaila alijifungua mwezi wa nane, mtoto wa kike. Hakunialika kwenye shughuli, na sikutarajia.

Sasa sikiliza. Jana tumepata barua kutoka kiwanda cha mota. Ile mota yetu wameacha kuitengeneza. Wanatuletea nyingine, "bora zaidi." Letchumanan akasema mota ni mota, tufunge tuendelee. Nikamwambia hapana, mota mpya ina brashi mpya, ina cheche mpya, cheti kile ni cha mota ile. Tumegombana nusu siku. Alinirushia kitambaa. "Siku hizi umekuwa mkaguzi?" akaniuliza. Mwishowe akakubali, kwa matusi.

Kwa hiyo tunaanza upya, grafu zilezile, foleni ileile, kurasa thelathini na moja. Tumepangiwa Jumatatu ya tarehe 17. Siiamini posta, nitaileta mwenyewe kwa basi, nitafika saa nne.

Usitoke nje kunilaki. Ukinikuta kwenye korido, pita. Nitakaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine, na wakiniita nitakwenda dirishani kama mtu yeyote. Ukimaliza kazi jioni, na ukiwa umeshavua kitambulisho chao shingoni, mimi nitakuwa kwenye kile kibanda cha wali wa nasi kandar mkabala na geti. Tutaongea habari za paka.

Bi Teoh, na wewe karibu.

Baba yako,
Sarbini